Alama za Ukingoni

Gongo la kriketi lilikuwa nyuma ya mlango, limeegemea ukuta kama bakora ya mgeni aliyeingia, akala, akasahau kuondoka. Nilikuwa nimempelekea fundi cherehani mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, kanzu ya kupunguza urefu, na kusi ilikuwa inavuma hata mlango wa duka haupumziki: unafunguka, unajibamiza, unafunguka tena. Mzee yule, macho yake kwenye sindano, alinyoosha mkono akalivuta lile gongo na kulilaza kizingitini. Mlango ukanyamaza. Hapo ndipo nilipoliona vizuri. Mpini ulikuwa umezungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli, maana ule wa asili ulikwisha kuliwa na jasho. Ncha ya chini ilikuwa imetafunika, nyuzi za mti zimefumuka kama mkeka uliokaliwa na vizazi viwili. Na usoni pake, mahali pa kupigia, palijaa alama zilizokuwa nyekundu zamani na sasa zimegeuka rangi ya kahawia, moja juu ya nyingine, kama madoa ya tambuu barazani.

"Ami, hili lako?" nikamwuliza.

"Lilikuwa langu," akasema. "Sasa la mlango."

Lakini akaweka sindano chini, akalichukua, akalipakata. Akaanza kulisoma kwa kidole. Zile zilizosongamana katikati, alisema, ni za ujana, siku ambazo mpira ulimjia mkubwa kama chungwa. Kisha kidole kikasogea polepole hadi pembeni, ambako alama zilikuwa chache, zimekaa upande, nyingine si alama bali mikwaruzo tu. "Hizi za mwisho mwisho. Mkono ule ule, mguu ule ule, lakini mpira ukawa unafika kabla yangu." Nikamwuliza alijuaje kwamba wakati wake umefika. Akakata uzi kwa meno, akafikiri. "Siku moja, mwanangu, nilivisikia vijiti kabla sijauona mpira."

Maneno hayo nimerudi nayo nyumbani na hayajanitoka. Kriketi ina subira kuliko mchezo wowote ninaoujua, na papo hapo haina subira hata chembe. Mechi ya Testi huweza kuchukua siku tano. Watu hukatiza kwa chakula cha mchana, hukatiza kwa chai, mvua ikinyesha husubiri. Ila ndani ya siku hizo tano kila jambo lenye uzito huamuliwa chini ya nusu sekunde. Mpigaji hulinda vijiti vilivyo nyuma yake, na mpira ukiviangusha ametolewa. Kati ya vijiti vya upande huu na vya upande ule ni mita 20 na ushee, na mpira unaokwenda kilomita 140 kwa saa haumwachii mpigaji nafasi ya kufikiri. Huusoma ungali mkononi mwa mrushaji, kwenye kifundo cha mkono na kwenye bega, na mguu wake huwa umekwisha kwenda kabla akili haijasema nenda. Hapo ndipo uzee unapopenya. Unaacha nguvu, unaacha ujuzi, unaacha hata hamu, ukanyofoa ile chembe moja ndogo ya muda. Aliyepoteza chembe hiyo bado anajua kila kitu. Pengine anajua zaidi ya alivyojua akiwa na miaka 25. Anajua, na mpira umekwisha kupita.

Sanaa nyingine humwonea mzee huruma. Nahodha ambaye macho yameingia ukungu bado anaijua bahari kwa harufu yake na kwa tanga linavyolalama. Kijana atamshikia usukani, yeye atasema geuza, na chombo kitageuka. Bi Kidude aliimba Zanzibar na mbali na Zanzibar hadi uzeeni kabisa, na alipofariki Aprili 2013 sauti yake ilikuwa imekwisha kukwaruza siku nyingi. Mikwaruzo ile ndiyo watu waliyoifuata, kwa sababu ndani yake mlikuwa na umri ambao msichana hawezi kuuigiza. Ngoma humngoja mpigaji wake. Mpira haumngoji mtu. Ndiyo maana swali la lini gwiji aondoke linauma zaidi kwenye kriketi, mchezo unaomruhusu mtu kucheza hadi miaka 40 na zaidi, kisha ukamwadhibu mbele ya halaiki kwa kuikubali ruhusa hiyo.

Kila nikitaka kulitazama swali hili kwa jicho moja, huirudia siku moja: tarehe 23 Mei 1999, mjini Bristol, Uingereza, India na Kenya kwenye Kombe la Dunia. Sachin Tendulkar, miaka 26, alikuwa ametoka Mumbai kwenye msiba wa baba yake, Ramesh Tendulkar, mshairi na mwalimu aliyeandika kwa Kimarathi. Msiba ulikuwa haujatimiza juma. Mama yake alimwambia arudi kazini, akarudi, akapiga mikimbio 140 bila kutolewa, na alipotimiza mia aliinua gongo na kutazama mbinguni kwa muda mrefu. Waliosimama wakimtazama walikuwa Wakenya. Nahodha wao alikuwa Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, miaka 35, mrushaji wa mkono wa kushoto mwenye mipira ya taratibu inayozunguka. Miongoni mwao pia alikuwamo Steve Tikolo, miaka 27, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amepiga 147 peke yake kwenye fainali ya ICC Trophy kule Kuala Lumpur, na Kenya ikashindwa na Bangladesh hata hivyo. Watu watatu, nyasi zile zile, jua lile lile. Kila mmoja alikuja kuagana na mchezo huu kwa njia yake.

Nianze na lililo gumu kwangu kulisema. Tendulkar alikaa mno. Nasema hivyo nikiwa mtu aliyempenda, na hadi leo nikikuta picha zake naacha nililokuwa nikilifanya. Tarehe 2 Aprili 2011, nyumbani kwake Mumbai, India ilitwaa Kombe la Dunia, na vijana wa timu wakambeba mabegani wakamzungusha uwanja mzima wa Wankhede. Alikuwa anakaribia miaka 38. Ulikuwa umebaki mlango mmoja tu wa kutokea, na ulikuwa wazi. Lakini mwezi uliotangulia alikuwa amepiga mia yake ya 99 katika mechi za kimataifa, na 99 ni namba yenye miiba. Ulipita mwaka mzima wa kuingoja moja. Kila alipofika 40 nchi ilishika pumzi. Kila alipotolewa nchi iliguna. Ilipofika, tarehe 16 Machi 2012, ilifika Mirpur, Bangladesh, na alipiga 114, na India ikashindwa mechi ile. Namba ikapatikana, timu ikapotea. Na katika mechi za Testi, zilizokuwa nyumba yake halisi, hakufikisha tena mia tangu zile 146 za Cape Town, Januari 2011, hadi alipoondoka karibu miaka mitatu baadaye.

Hata hivyo, kila ninapotaka kumlaumu najiuliza ni nani hasa aliyekuwa akihesabu. Mimi nilihesabu. Nilijua ni ngapi zimebaki kama mtoto ajuavyo siku zilizobaki kabla ya Idi. Mtu anaweza kushikwa na umati asiweze kuondoka, kama mwimbaji anayetunzwa noti hadi zikamziba uso. Husemwa mcheza kwao hutunzwa, nami naiamini methali hiyo, lakini haituambii mcheza kwao atatoka vipi uwanjani ikiwa wanaomtunza wamemzingira pande zote.

Kuna msemo unaorudiwa sana kwenye kriketi, na hunasibishwa na Vijay Merchant wa India: ondoka watu wangali wanauliza kwa nini unaondoka, usingoje waulize kwa nini huondoki. Merchant mwenyewe mechi yake ya mwisho ya Testi ilikuwa Delhi mwaka 1951, dhidi ya Uingereza; alikuwa na miaka 40, akapiga 154, akaumia bega akizuia mpira, basi. Hakuna kuaga kuzuri zaidi ya huko. Lakini kadiri ninavyoutafakari msemo ule ndivyo unavyopungua utamu. Unamtaka mtu mzima aishi akichungulia nyuso za watazamaji, akipima ni lini watamchoka, kama mgeni anayemwangalia mwenye nyumba kama amepiga miayo. Sisi tuna methali ya mgeni: siku mbili mgeni, siku ya tatu mpe jembe. Gwiji aliyetoa miaka 20 ya mwili wake si mgeni katika mchezo ule. Ile ni nyumba yake, na nusu ya matofali kayafinyanga yeye. Si haki kumwuliza amekaa siku ngapi. Naona afadhali tumwulize kama bado analishika jembe.

Na hapo namkumbuka Karim. Baada ya Kombe lile la 1999 alistaafu, akarudi kwenye shughuli zake. Mwaka 2003 akaitwa tena, na tarehe 15 Machi, mjini Durban, Kenya ikakutana na Australia, mabingwa wa dunia. Kenya ilikuwa imepata mikimbio 174 tu. Australia ikaanza kuila kama mtu anavyokula karanga. Ndipo mpira ukapewa mzee wa Mombasa, miaka 39, mwendo wake wa hatua chache tu, mkono wa kushoto unapita karibu na sikio. Akauacha mpira utoke polepole, uning'inie hewani, uanguke palepale ambapo mpigaji hajui kama aje mbele au arudi nyuma. Akamtoa Ricky Ponting. Akamtoa Darren Lehmann. Akamtoa Brad Hogg. Katika ova 8 (ova moja ni mipira sita) na mipira miwili alitoa mikimbio 7, na ova 6 kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Kasi ya vijana haikuwamo kabisa mle. Wenye mabavu walikuja na nguvu zao wakakuta hakuna cha kupigana nacho, ni kama kupiga ngumi pazia. Jungu kuu halikosi ukoko, na siku ile waliukwangua wenyewe. Australia ilishinda, na bado mchezaji bora wa mechi akatangazwa mtu wa upande ulioshindwa. Siku tano baadaye, Durban hapo hapo, Kenya ikacheza nusu fainali na India, ikafungwa, na Karim akaondoka mara ya pili, safari hii moja kwa moja.

Kwa nini kurudi kwake hakuniumi, na kungoja kwa Tendulkar kunaniuma? Mmoja alikuwa mzee zaidi ya mwenzake alivyokuwa siku ile ya kubebwa mabegani. Umri, basi, si kipimo. Nadhani ni hivi: Karim hakuwa akidai kitu. Hakuwa na namba iliyomngoja mwisho wa njia, wala hakuwa na sanamu yake mwenyewe ya kuilinda isianguke. Aliitwa kwa kazi, akaukuta mpira mkononi, akaufanyia kinachofanywa mpira. Mchezaji huanza kuzeeka kwa kweli siku anapocheza mpira huu akiwa anaufikiria ule ambao haujarushwa, au ule aliokwisha kuupiga zamani.

Tikolo ananisumbua kwa namna nyingine, kwa sababu yeye alikuwa na kila haki ya kwenda na hakuwa na pa kuuacha mzigo. Aliaga Kolkata, Machi 2011, miaka 39, kwenye Kombe la Dunia ambalo Kenya ilipoteza mechi zote sita. Vijana waliokuwa nyuma yake hawakuwa wamepata mechi za kutosha, wala fedha, wala viongozi waliotulia. Ile timu ya nusu fainali ya 2003 ilikuwa imezeeka bila kuzaa. Kisha ikaja Novemba 2013. Mwezi ule dunia yote ya kriketi ilikuwa Wankhede, ikimlilia Tendulkar katika Testi yake ya 200. Mama yake aliletwa uwanjani, mara yake ya kwanza kumwona mwanawe akicheza mechi. Mwanawe akapiga 74, na yote yalipokwisha akarudi peke yake katikati ya uwanja, akainama, akaigusa ardhi, akajigusa. Mwezi huo huo, kwenye viwanja vya Falme za Kiarabu, mbali na kamera na machozi, Steve Tikolo mwenye miaka 42 alikuwa amevaa tena jezi ya Kenya, ameitwa kutoka kustaafu kuja kusaidia kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la ova 20. Nafasi haikupatikana. Mapema 2014 Kenya ikapoteza hata hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja. Mti mkuu ukianguka wana wa ndege huyumba, wazee husema, lakini hawasemi mti ufanye nini ukiona chini yake hakuna hata mche. Mimi sithubutu kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba alipaswa kukaa nyumbani. Alikwenda baadaye kuwafundisha Waganda, kisha Watanzania, akawa anapanda kwenye mashamba ya jirani.

Na Waganda hao hao wakanipa furaha moja ambayo sitaki kuipita. Juni 2024, Guyana, Uganda ikicheza Kombe lake la kwanza la Dunia, dhidi ya Papua New Guinea. Frank Nsubuga, miaka 43, mzee kuliko wote waliokuwa kwenye mashindano yale, alirusha ova zake 4 na kutoa mikimbio 4 tu, akawatoa wapigaji 2. Papua New Guinea wakaishia 77 na Uganda ikapata ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia. Alikuwa ameichezea nchi yake tangu ujana, mwaka baada ya mwaka, kwenye viwanja ambavyo watazamaji wake walikuwa ndugu na marafiki. Mtu angemshauri astaafu akiwa na 35, na angekuwa na hoja nzuri sana.

Kuna wawili wa zamani ambao huja akilini mwangu pamoja ingawa hawakufanana. Don Bradman wa Australia aliingia uwanjani Oval, London, Agosti 1948, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 40, akihitaji mikimbio 4 tu ili wastani wake wa maisha utimie 100. Eric Hollies akamwangusha kwa mpira wa pili, bila mkimbio hata mmoja. Wastani ukabaki 99.94, na namba ile iliyopungua imekuwa nzuri kuliko ambavyo 100 ingewahi kuwa; ina alama ya ukingoni, inaonyesha kwamba aliyekuwa pale ni mtu. Wa pili ni Wilfred Rhodes wa Yorkshire. Testi yake ya kwanza, mwaka 1899, ilikuwa ya mwisho kwa W.G. Grace, gwiji wa Uingereza aliyekuwa na miaka 50. Ya mwisho kwake yeye ilikuwa Jamaika, 1930, naye ana miaka 52. Kisha mboni zikazimika kabisa. Na Rhodes akaendelea kwenda viwanjani, kipofu, akakaa kwenye benchi na kusikiliza. Aliufuata mchezo kwa mlio wa mpira kwenye gongo. Huyu aliuacha uwanja, lakini sikio lake halikuondoka mle.

Wiki iliyofuata nilirudi kuchukua kanzu nikakuta haijaguswa. Kusi ilikuwa bado inavuma, na gongo lilikuwa kizingitini. Nikamsimulia habari za Rhodes. Mzee hakusema neno. Aliinama, akaliinua gongo, akalifuta vumbi kwa kipande cha kitambaa cha kanzu ya mtu.

"Fumba macho," akaniambia.

Nikafumba. Akagonga kwa kifundo cha kidole: mlio mnene, wa ndani, kama mlango wa nyumba kubwa.

"Wapi hapo?"

"Katikati, ami."

Akagonga tena. Safari hii mlio ulikuwa mwembamba, mkavu, ukakatika mara moja. Nikamwambia ni pembeni, penye zile za mwisho. Akagonga hapo hapo mara nyingine, taratibu zaidi, na nilipofumbua macho nilimkuta naye kayafumba, ameinamisha kichwa upande, anasikiliza.

Kisha akalirudisha gongo kizingitini, akatafuta chaki kwenye kopo, akaniambia nivae ile kanzu nisimame wima, aone inifike juu ya kifundo au chini yake.